Mboga za Barafu na Meko ya Mke wa Mwanangu

Jumamosi, tarehe 22 Februari 1997, ndiyo siku iliyowekwa ili mke wa mwanangu apewe meko yake katika boma letu la Ndhiwa. Naanza na tarehe kwa sababu nilijua kuandika nikiwa mtu mzima, na mtu aliyechelewa kushika kalamu haachi siku ipite hivi hivi. Niliingia darasa la ngumbaro Januari 1989, miaka mitatu baada ya kumzika mume wangu. Novemba 1993 niliketi katika chumba cha mtihani wa darasa la nane kati ya watoto walioniita Mama na kuniomba kifutio, nikafaulu. Cheti nimekitundika ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kukitazama.

Kwa ukoo wa mume wangu, msichana akiolewa hapewi jiko siku hiyo hiyo. Hupika katika jiko la mama mkwe, kwa sufuria za mama mkwe, hadi shangazi mkubwa wa mumewe atakapokuja kupanga mafiga matatu mahali papya na kuwasha moto. Juu ya moto huo msichana hupika mboga za kienyeji, zile zenye uchungu. Nyama haihesabiki, maana nyama hata mwanamume anaweza kuichoma. Mboga hulala mekoni usiku mmoja ndani ya maziwa, na kesho yake mchana shangazi huonja kabla ya mtu mwingine. Akila, meko yamekuwa ya msichana, na mumewe ana ruhusa ya kujenga nyumba ya kudumu katika boma la baba yake. Akisukuma sahani kando, mafiga huondolewa, na hakuna ajuaye yatarudi lini. Shangazi wa mwanangu, yaani wifi yangu, alikuwa ameshasukuma sahani moja maishani mwake, na msichana yule aliyekataliwa alingoja miaka mitatu.

Nilitaka wifi yangu ale. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, na tangu kifo cha baba yake boma lilikuwa limebaki na nyumba yangu peke yake. Mwanangu alikuwa amesema waziwazi kwamba mkewe akikataliwa, atanunua ploti mjini Awendo alikofanya kazi, ajenge huko, awe akija kwetu jinsi wageni wanavyokuja, na mkate mkononi. Lakini Februari ile kiangazi kilikuwa kimekausha hata magugu, na mboga pekee za maana alizokuwa nazo mke wa mwanangu zilikuwa ndani ya barafu. Na wifi yangu alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba hatakula kitu kilichotoka kwenye barafu.

Friza iliingia katika familia yetu mwezi wa Mei 1996. Mwanangu alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari Awendo. Mkewe, msichana aliyezaliwa na kukulia Kisumu, alikuwa karani kwenye mizani ambapo malori ya miwa hupimwa. Walikaa katika nyumba ya kupanga yenye stima. Waliinunua friza hiyo ikiwa imetumika, kutoka kwa mfanyabiashara Mwislamu wa mjini Migori aliyekuwa akiwauzia watoto wa shule sharubati iliyogandishwa. Tulikwenda kuichukua pamoja, na muuzaji aliponiona nimekunja uso aliniambia, "Usiogope, Mama. Hii haijawahi kulaza hata samaki. Imelaza sharubati tu."

Sikuogopa. Nilidharau. Mimi nilikuwa mtu wa mboga mbichi na sikuona haya kulisema. Nyuma ya zizi la ng'ombe kule Ndhiwa nilikuwa na kipande cha shamba kilichoshiba samadi mpaka udongo wake ukawa mweusi. Hapo palikuwa na osuga, ambayo wengine huiita mnavu; palikuwa na dek, yaani mgagani, wenye harufu inayomkaa mtu vidoleni hadi kesho; palikuwa na kunde na mrenda. Nilichuma alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, nikichukua machipukizi na kuliacha jani lililokomaa. Jua likipanda, mboga zangu zilikuwa zimeshachambuliwa na ziko motoni. Mume wangu alipokuwa hai alikuwa akifika langoni, anasimama, anavuta pumzi, kisha anataja kilichomo sufuriani kabla hata ya kunisalimu. Sikumbuki akikosea, isipokuwa siku aliyosema dek nami nilikuwa nimechemsha soksi zake.

Juni 1996 nilikwenda Awendo kukaa nao kwa wiki moja. Asubuhi ya kwanza mke wa mwanangu alikuwa na zamu ya mapema. Akiwa mlangoni, anavaa viatu kwa haraka, aliniambia, "Mama, mboga ya mchana iko kwenye friza. Osuga ni hiyo iliyo kwenye karatasi nyeupe. Uitoe tu upike."

Nilifungua, na ukungu wa baridi ukanipiga usoni. Ndani mlikuwa na vifurushi vigumu vilivyopangwa kama matofali ya kujengea. Nilitoa kimoja, nikakigonga juu ya meza, kikalia kama ubao. Mimi nilizaliwa Kosele, lakini nimewaona akina mama wa Homa Bay wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, na akilini mwangu jambo likawa wazi kabisa: kitu kilichoshikwa na baridi kinahitaji jua. Nikayamwaga majani kwenye ungo, nikayatandaza nje, nikaketi kando kuwafukuza kuku. Kufikia mchana osuga yote ilikuwa imegeuka kitu cheusi kinachoteleza, na kuku walikuwa wameondoka wenyewe.

Mke wa mwanangu aliporudi aliutazama ungo.

"Mama, umeianika?"

"Nilikuwa naifufua."

"Sasa imekufa mara ya pili," alisema, akacheka mpaka akaketi kizingitini. Nami nikacheka, maana kicheko chake hakikuwa na dharau ndani yake.

Jioni ile alinionyesha kazi yake, na nakiri kwamba ilikuwa kazi ya mtu nadhifu. Majani aliyachambua kwanza na kuyaosha. Kisha aliyatia katika maji yanayochemka kwa muda mfupi tu, mpaka rangi yake ikakolea, akayatoa na kuyatumbukiza katika maji baridi. Akayakamua, akayafunga kwa vipimo vya mlo mmoja mmoja. "Ukitaka kupika," aliniambia, "unaitoa kwenye barafu na kuitia moja kwa moja kwenye sufuria ya moto. Haihitaji kupumzika. Haikutembea popote."

"Na kwa nini usinunue mbichi kila siku kama watu wengine?"

"Mimi natoka kazini saa kumi na moja, Mama. Hizi nilizifunga Jumamosi asubuhi, lori la mboga lilipofika tu. Twende sokoni kesho saa hiyo uione hiyo mbichi."

Tulikwenda. Nilikuwa nimesahau kwamba Awendo si Ndhiwa. Huko miwa imefika mpaka mlangoni; mtu anaweza kuunyoosha mkono kutoka dirishani akashika muwa, lakini jani la kunde hana. Mboga zilikuwa zimeletwa kwa lori kutoka milima ya Kisii, zimekaa juani tangu asubuhi, na muuzaji alikuwa akizinyunyizia maji kwa ufagio kama mtu anayebariki waumini. Nilishika fungu la osuga. Majani ya juu yalikuwa ya kijani. Nilipoingiza kidole katikati, nilikuta joto, kama la kinyesi cha ng'ombe kinachoanza kuoza.

"Ya leo hiyo, mathe," muuzaji aliniambia.

"Leo ya wiki gani?" nilimuuliza.

Mke wa mwanangu alinivuta kwa kiwiko kabla hatujaanza kugombana. Tukarudi nyumbani. Nilikuwa nikifikiri kwamba maisha yangu yote nilikuwa nimelitumia neno "mbichi" nikiwa na maana ya mboga zangu mwenyewe, za nyuma ya zizi langu mwenyewe, na kwamba yeye hakuwahi kupewa mboga hizo wala zizi hilo.

Hata hivyo sikukubali upesi. Katika somo la sayansi mwalimu wetu wa ngumbaro alikuwa ametufundisha kufanya jaribio: unaweka vitu viwili katika hali moja, unabadilisha jambo moja tu, halafu unatazama. Nilipenda somo hilo kuliko yote. Kwa hiyo Agosti 1996 nilirudi Awendo na kikapu cha mboga nilizochuma mwenyewe alfajiri ile, na nyingine chache za sokoni, nikapika kila aina mara mbili, ya kikapuni na ya friza, kwa chumvi ile ile na moto ule ule. Waamuzi walikuwa mwanangu na jirani yake, dereva wa trekta la kuvuta miwa. Mabakuli hayakuwa na alama, na siri yake niliijua mimi peke yangu.

Sukuma wiki ya barafu ilishindwa vibaya. Dereva aliiinua kwa uma, ikaning'inia, akauliza kama ni mboga au ni kitambaa cha kupangusia kioo. Kabichi ya barafu hatukuimaliza. Mpaka leo nasema kabichi isitiwe kwenye barafu, maana inageuka maji yenye hasira. Lakini minji, yaani njegere, zilikuwa jambo jingine. Zile nilizozinunua zikiwa kwenye maganda, zilizokwisha kukaa sokoni, zilikuwa na unga mdomoni, ilhali za barafu zilipasuka tamu chini ya jino. Mwanangu alizimaliza kabla hajaulizwa maoni yake. Nyanya za barafu zilikuwa zimelegea kabisa, hazifai kwa kachumbari, lakini ndani ya mchuzi hakuna aliyezitambua. Kwa kunde walibishana.

Kisha ikaja osuga. Dereva alionja bakuli la kwanza, akaonja la pili, akarudi kwenye la kwanza.

"Mama, hii moja ina uchungu unaouma, na hii nyingine ina uchungu unaobembeleza."

"Na wewe unataka upi?"

"Mimi nina mke nyumbani anayeniuma. Nipe unaobembeleza."

Uliobembeleza ulikuwa wa barafu. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikatafuta kasoro ya jaribio langu, sikuiona. Baridi ilikuwa imelilegeza jani, na sehemu ya ukali wake ilikuwa imeondoka na maji yale ya kwanza. Na tangu lini sisi tunakula osuga siku ile ile? Tunaichemsha, tunamwaga maji, tunatia maziwa, tunailaza, tunaipasha moto kesho na kesho kutwa, na siku ya tatu ndipo tunaiita tamu. Sisi tunaosifu mbichi hatukuwahi kuila mbichi. Tulikuwa tunaichuma mbichi tu, na za mke wa mwanangu pia ziliingia kwenye barafu zikiwa mbichi.

Kuanzia hapo tukagawana kazi. Kila nilipokwenda Awendo nilibeba mboga za alfajiri kutoka shambani kwangu, naye alizifunga. Kazi ile ilikuwa furaha kwetu. Tuliketi sakafuni miguu imenyooshwa, rundo la majani katikati yetu, redio ikiimba, naye akinisimulia jinsi madereva wa malori walivyombembeleza kwenye mizani ili aongeze uzito. Nilikuwa sijapata kuwa na binti. Mwanzoni mwa Novemba 1996 mvua za vuli zilichungulia, zikanyesha siku chache, zikaondoka. Nilichuma osuga na dek zote zilizokuwa zimechipuka, mpaka shamba likabaki na mashina, nazo zikaingia kwenye friza.

Krismasi ya mwaka huo familia ilikutana Ndhiwa, na mwanangu akasimama kuomba mkewe apewe meko. Wifi yangu alikuwa ameketi kwenye kiti changu, maana hakuwahi kukaa kwenye kiti kingine. Alikuwa mwanamke mrefu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya mto Kuja bila msaada. Mimi aliniita Nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, kama wake wanavyoitwa kwetu kwa jina la walikotoka, na mke wa mwanangu alimwita Nyar Kisumu.

"Nyar Kisumu," alisema, "nasikia nyumbani kwako mboga inalala kwenye barafu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mimi ninavyojua, kwenye barafu wanalala watu wawili. Sangara anayengoja ndege ya kwenda Ulaya, na marehemu anayengoja jeneza. Mboga yako inangoja nini?"

Watu waliangua kicheko. Msichana aliinamisha kichwa, lakini niliona mabega yake yanatikisika, naye alikuwa anacheka.

"Inangoja mimi nitoke kazini, Shangazi."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na safari hii hakikuwa cha wifi yangu. Hakulipenda hilo. Alinyoosha kidole. "Basi tutakutana Februari, mume wako atakapokuwa na likizo. Na nisikilizeni wote: mimi chakula cha mochari sili. Meko ni ya mwanamke anayejua mboga inatoka wapi."

Aliichagua Februari akijua Februari ni mwezi gani. Mwaka ule jua halikuwa na huruma. Shamba langu nyuma ya zizi lilipasuka nyufa ambamo ungeweza kuingiza kiganja. Alhamisi tarehe 20 nilikwenda soko la Ndhiwa mapema, nikazunguka meza zote. Palikuwa na kabichi, palikuwa na vitunguu. Mwishoni nilimkuta mama mmoja mwenye mafungu matatu ya osuga iliyochumwa kwenye tope la kando ya mto, majani madogo kama sikio la panya, nusu yake manjano.

"Mama, hii ni ya maji ya mto. Ni mbichi kabisa," alisema.

"Ni mgonjwa."

"Ukiichemsha itapona."

Nilisimama mbele ya mafungu yale kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kama ningeyanunua, wifi yangu asingekuwa na neno: ni mbichi, imetoka kwenye udongo wa Ndhiwa, wote wangeona. Lakini nilijua ladha yake ingekuwaje, na nilijua kwamba angeisukuma sahani kwa haki. Kule Awendo kulikuwa na osuga niliyoichuma mwenyewe mwezi wa Novemba, shamba likiwa na umande. Mama yule alinitazama, akapunguza bei, akapunguza tena. Nikamwambia hapana, nikaondoka na magadi tu. Jioni nilimpigia mwanangu kutoka kwenye simu ya posta, nikamwambia maneno machache: "Mwambie alete za kwenye friza. Zote."

Wifi yangu alifika Ijumaa kabla ya saa sita, akayapanga mafiga matatu upande wa kushoto wa uwanja, akawasha moto kwa kijinga alichokitoa jikoni kwangu, akaketi kando yake kwenye kiti changu kilichobebwa hadi pale. Tukangoja. Mke wa mwanangu alikuja na lori tupu lililokuwa likirudi mashambani kuchukua miwa, ameketi mbele pamoja na mumewe, na mapajani mwao wote wawili walikuwa wamekibeba kitu kirefu kilichofungwa kwa blanketi. Ndani ya blanketi kulikuwa na gunia, ndani ya gunia maranda ya mbao, ndani ya maranda vile vifurushi. Alikuwa amevipanga hivyo ili joto lisivifikie.

Walikishusha taratibu, mmoja huku na mmoja kule. Wifi yangu alisimama.

"Fungueni blanketi," alisema, "tumtazame marehemu."

Hata dereva wa lori alizima injini ili asikie. Mwanangu alikuwa amekasirika, nikaona taya yake inacheza, na nilijua kwamba akijibu yeye, mambo yameharibika. Lakini mkewe alipiga magoti pale kwenye vumbi, akafungua fundo la blanketi, akalipangusa gunia kwa upole, na kusema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, "Ameondoka mwezi wa Novemba, Shangazi. Ameacha dada zake wawili, kunde na mrenda. Alikuwa mtu wa Ndhiwa."

Kisha wifi yangu akatoa sauti puani. Haikuwa kicheko, lakini ilikuwa jirani ya kicheko.

"Wa Ndhiwa? Nani alimchuma?"

"Mimi," nilisema. "Hapo nyuma ya zizi. Kwa mkono huu."

Aliutazama mkono wangu kama vile anauona kwa mara ya kwanza. Akaketi tena. "Haya, mpike tuone. Kupika si kula."

Msichana alifanya kila kitu mbele ya macho hayo. Aliyatia majani kwenye sufuria ya moto yakiwa bado yana ukungu wa baridi, na yalipogusa maji yalifumbuka, rangi yake ya Novemba ikarudi. Watoto wa jirani walisogea kutazama. Alimwaga maji ya kwanza, akaonja, akamwaga ya pili. Akatia magadi kidogo kwa ncha ya kidole. Maziwa ya ng'ombe wangu aliyatia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, akafunika. Wifi yangu alisogeza kiti changu karibu zaidi na sufuria. Giza lilipoingia tulikwenda kulala, yeye nyumbani kwangu.

Alfajiri niliamka kama kawaida yangu, nikaona kitanda chake ni kitupu. Nilitoka. Mekoni palikuwa na mtu ameinama, kifuniko kikiwa mkono mmoja na mwiko mkono mwingine.

"Wifi," nilisema.

Hakushtuka. "Nilikuwa naangalia kama moto umezima."

"Moto uko chini, wifi. Huko unakoangalia ni juu."

Alirudisha kifuniko kwa heshima kubwa, akapangusa mdomo kwa ncha ya leso. "Nyar Kosele," alisema, "ukimwambia mtu, nitasema ni wewe."

Sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Sasa yeye mwenyewe hulisimulia.

Kufikia mchana watu walikuwa wamejaa uwanjani. Mke wa mwanangu alipakua ugali wa wimbi na osuga, akaileta sahani kwa mikono miwili, akapiga magoti. Hakuthubutu kumtazama usoni, na hapo ndipo nilipojua kwamba mizaha yote ya jana ilikuwa ya kujitia ujasiri tu. Wifi yangu aliipokea. Alimega tonge, akalibonyeza katikati, akachota mboga, akala. Akatafuna polepole sana, akitazama mbali, kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuionja. Akamega tena. Alipofika tonge la tatu mwanamke mmoja wa pembeni alianza kupiga vigelegele, wifi yangu akamwinulia mkono anyamaze mpaka sahani itakapokwisha.

Alipoimaliza, aliiweka chini ikiwa safi.

"Nimekula maiti nyingi katika maisha yangu," alisema. "Kuku, mbuzi, samaki. Hakuna aliyekuwa hai. Sijui kwa nini niliionea mboga." Akamgeukia msichana. "Nyar Kisumu. Niliuliza kama unajua mboga yako inatoka wapi. Unajua shamba, unajua mwezi, unajua hata mkono uliochuma. Mimi nyumbani kwangu wiki hii nimekula kabichi, na sijui baba yake wala mama yake. Mafiga haya ni yako. Asiyaguse mtu."

Vigelegele vilipasuka. Mwanangu aligeuka kando akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mke wake hakuinuka, alibaki amepiga magoti, analia na kucheka, mpaka wifi yangu alipomwambia, "Sasa unalia nini, na wageni hawajala? Inuka upakue. Hili ni jiko lako, mimi sitakupakulia."

Kabla ya kuondoka jioni ile, wifi yangu alinivuta pembeni na kuuliza, akitazama upande mwingine, kama katika hiyo friza kunaweza kupatikana nafasi ya mafungu machache ya mtu asiye na stima. Nilimwambia friza si yangu, aombe kwa mwenyewe. Alikwenda kuomba. Niliwaona wakizungumza kando ya mafiga, yule mrefu ameinama, yule mdogo akionyesha kwa mikono kiasi cha fungu.

Nyumba yao ilianza kujengwa Ndhiwa tarehe 5 Julai 1997, mvua za masika zilipokwisha, na ukuta wa jiko ukazungushwa kwenye mafiga yale yale bila kuyasogeza. Siku walipohamia, ingawa siku za kazi wangeendelea kulala Awendo penye friza, nilivuka uwanja na kikapu changu cha mboga, nikainama kupita mlangoni, na kwa mazoea ya miaka mingi mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye mwiko. Mke wa mwanangu akautwaa kutoka mkononi mwangu kwa upole na kuniwekea kiti.

"Kaa, Mama," alisema. "Hapa utakula, hutapika."

Nikakaa. Mioshi miwili ilikuwa inapanda juu ya boma la mume wangu, wa mke wa mwanangu na wangu. Akaniuliza, "Leo unataka ya kikapuni au ya Awendo?" nami nikamwambia achague mwenyewe, maana jiko ni lake.